Muringa wa Kirimi

Sijaisahau ile asubuhi shangazi yangu aliponikanyaga mguu, mjukuu wangu, na kidole cha mguu huo hunikumbusha kila kukiwa na baridi. Juzi uliponipeleka kutembea kando ya mto uliniuliza kwa nini nimenuna, nami nikakudanganya kwamba ni magoti. Keti nikwambie. Weka hiyo simu chini kwanza.

Ile njia mnayopita siku hizi na raba zenu, mkipiga vipepeo picha, ilikuwa barabara ya magogo. Malori yalishuka kutoka msituni, yakafuata mto, yakatokea huku kwetu Kanyakine yakiwa yameinama kwa uzito. Maji yalikuwa matope matupu. Mimi na shangazi, dada yake baba, tuliwauzia wapasua mbao chai na viazi vitamu. Nilikuwa msichana, na nilimpenda Kirimi.

Kirimi hakunipenda. Alimpenda Kagendo, rafiki yangu wa kuchota naye maji, na mizinga yake ya nyuki aliitundika kwenye mti mmoja mnene wa muringa kando ya mto. Huku kwetu, unajua, mwanamume haendi kuomba mke bila asali. Na Kirimi hakuwa na mali ya kujivunia, alikuwa na mizinga hiyo tu. Kila tukienda mtoni Kagendo ananionyesha wale nyuki, ananiambia wanamfanyia kazi yeye. Anacheka. Nami nacheka naye, huku roho inaniuma.

Basi asubuhi hiyo msimamizi wa wapasuaji anakunywa chai yetu, akauliza kama tunajua muringa wowote mkubwa upande wa chini, maana ya juu ilikuwa imekwisha. Nikafungua mdomo. Neno moja tu, na jioni ule mti ungekuwa juu ya lori, mizinga imepasuka, na Kagendo yuko kwao hajaolewa kama mimi. Hapo ndipo shangazi alipopita na sufuria mkononi, akanikanyaga kwa uzito wake wote, na hakuwa mwembamba. Akamwambia msimamizi kwamba sisi ni wanawake wa chai, miti hatuijui.

Njiani kurudi hakusema kitu, nikadhani hakuelewa kwa nini nilitaka kusema. Tulipofika darajani akatua mzigo.

"Haya, tuseme wameukata," akasema. "Kirimi hana asali, Kagendo hana mume. Wewe umepata nini?"

Nikatua wangu pia, akaniuliza tena.

"Hakuna," nikasema.

"Basi lia. Kulia sikukatazi."

Nikalia palepale. Hakunibembeleza hata kidogo, alikaa akila kiazi kilichobaki mpaka nikamaliza. Na Kagendo alipoolewa, nilikuwa pale nikiimba na wenzangu, wazee wakiisifu ile asali. Usidhani wivu uliisha siku hiyo. Baadaye nilimpata babu yako, mtu mwema, tukaishi vizuri, nao ukalala.

Miaka ikaenda, malori yakakatazwa, watu wakapanda miti kando ya ile barabara na kuilinda, mpaka maji yakarudi kuwa maji. Ndipo juzi ukanipeleka. Yule kijana anayewatembeza wageni, mwenye sauti ya Kirimi, akatusimamisha chini ya muringa na kusema babu yake alimwoa nyanya yake kwa asali ya mti huu. Wageni wakapiga makofi. Na mimi mwanangu, na umri huu, niliona wivu uleule wa kisichana. Kagendo anasifiwa na watu asiowajua, na mimi niliyekanyagwa ili mti ubaki, hakuna anayenijua. Alipotupa asali tuonje nikasema nina kisukari. Sina kisukari. Ukanishurutisha, nikalamba, na ilikuwa tamu mpaka ikaniudhi.

Halafu tulipoketi ukaniambia habari za rafiki yako anayeolewa na yule kijana unayempenda wewe. Ukaniambia na picha za zamani za huyo rafiki, zile za aibu, unazotaka kuwatumia wakwe zake kabla hawajaja kuomba. Nilinuna zaidi hapo, kwa sababu nilijiona tena mbele ya yule msimamizi, mdomo wazi.

Sikwambii usione wivu, nitakuwa mwongo, wangu bado ninao. Uone, unune, ulie, uje hapa unikasirikie mimi. Lakini usiupe msumeno. Ukishamwangusha mwenzako huwezi kumsimamisha tena, na yule kijana hatakuja kwako eti kwa sababu umemwacha mikono mitupu. Utabaki na ulichokuwa nacho, na juu yake macho ya watu.

Mungu akupe wako, mwanangu, anayekuja kwako kwa miguu yake. Nyumba yako isikose asali. Na ukifika umri wa magoti kama haya, upite chini ya mti uliouacha ukasimama, hata kama utapita umenuna.

Sasa chukua hiyo simu, uzifute hizo picha nikiona. Mguu wangu uko hapa karibu na wako.