Kilo za Paka Wetu

Paka wetu alipotea wiki nzima kwa mambo yake ya mapenzi, na aliporudi alikuwa ngozi na mifupa. Sikumhurumia. Nilisimama mlangoni, mikono kiunoni, nikamwambia kwamba hapa si hoteli. Akapita katikati ya miguu yangu, akaenda kulala juu ya kitambaa cha mteja, maana mi ni mshonaji, na nyumba yetu ya Dilala, mojawapo ya zile nyumba za zamani za kampuni ya madini, imejaa vitambaa vya watu. Jina hatukumpa. Tulimwita Paka tu, naye aliitika alipotaka.

Siku zikapita na mwili haukurudi. Alikula, alilala, akabaki na mbavu zake nje. Bwana yangu ndiye aliyeanza kumtazama kwa namna ambayo sikuipenda. Yeye ni mchimbaji, anachimba kobalti na wenzake tangu watoto wetu wakiwa wadogo. Sasa watoto wana nyumba zao Likasi na Lubumbashi, na pale nyumbani tumebaki watatu, yeye, mi na Paka. Sifa yake machimboni ilikuwa moja: alijaza mfuko wa mawe kwa macho na kuunyanyua mara moja, akakuambia kilo zake, na hakukosea. Lakini miezi ile alikuwa anakosea. Mgongo ulimwambia mfuko umejaa. Balansi, ile mizani ya depo anakouza, ilimwambia haujajaa. Akaamini balansi.

"Nguvu inaniisha," aliniambia jioni moja tukila bukari, ndiyo ugali. Akamwonyesha paka kwa kidole. "Na huyu vilevile. Tunaisha pamoja."

"Kula, Tata," nikamwambia, kama anavyoitwa kila baba huku.

"Mi nakuambia. Akipanda kilo, na mi narudi mu shimo na moyo muzuri. Akishuka, ile mutalimbo yangu ya kuvunjia mawe nauzisha, naenda kuwa sentineli ku mulango ya batu."

Nilicheka, kisha nikaona yeye hacheki. Bwana yangu awe mlinzi, akae kwenye kiti cha plastiki toka asubuhi, afungulie magari ya watu geti na kupiga saluti. Huyu mtu hata kanisani hakai kimya mpaka mahubiri yaishe. Ningemzika kabla ya paka. Kesho yake nikamtia Paka kwenye mfuko wa mchele, kichwa nje, nikasimamisha moto, ile pikipiki ya abiria, nikaenda Manika kwa dokta wa wanyama.

Njiani Paka aliingiza makucha kwenye koti la dereva na hakuyatoa. Dereva alianza kuimba wimbo wa kanisa, na kila tuliporuka shimo alipandisha sauti. Watu wa barabarani walitupungia mikono wakidhani tunatoka arusini.

Dokta ni mtu wa kuku na nguruwe na mbwa wa walinzi. Paka humfikia mara chache, na alifurahi. Akampima, kilo nne. Akampa dawa ya minyoo na mi akanipa onyo.

"Mama, mupime kila siku ya posho." Posho ni Jumamosi yetu. "Akipanda, ilikuwa minyoo tu. Akishuka, kuna kitu ndani, figo ao damu, na hapo sitakudanganya."

Mizani nyumbani hatuna. Bwana yangu akasema hilo si neno, Jumamosi ndiyo siku yake ya kupeleka mifuko depo, na Paka ataingia mstari kama wengine.

Niliacha cherehani nikaenda nao. Kitu kama hicho hungoji kusimuliwa. Wachimbaji wamepanga mstari, wekundu kwa vumbi mpaka kope, kila mmoja na mifuko yake, na katikati yao bwana yangu amemkumbatia paka. Depo inapima mambo mawili, uzito kwa balansi na tenere kwa kile kimashine wanachokigusisha jiwe ili kujua lina kobalti kiasi gani.

"Tata, hiyo yako iko na tenere ngapi?" mmoja akauliza.

"Ni ya juu sana. Angalia vile inangaa."

Kijana wa kimashine akakigusisha kwenye paji la uso wa Paka, akatazama, akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa. "Haina kitu. Rudisha mu shimo." Watu wakaangua kicheko, hata mnunuzi mwenyewe, mtu wa viatu safi na miwani ya jua, alitabasamu kidogo. Kisha Paka akawekwa juu ya balansi, nayo ikasema kilo tatu na kidogo. Bwana yangu akamchukua. Mfuko wake nao ukasema pungufu, kama kawaida.

Basi nikaanza vita. Asubuhi yai. Saa sita tomsoni, yule samaki wa frigo, nimemtoa miba kwa vidole vyangu mwenyewe. Jioni dagaa na maziwa ya unga. Bwana yangu alipewa sombe, yale majani ya muhogo, na alitazama sahani ya paka kwa wivu, nikamwambia na yeye akonde vizuri nitamchemshia yai. Jumamosi iliyofuata Paka alishuka. Nikaongeza yai. Jumamosi baada ya Jumamosi akashuka tena, mpaka chini ya tatu, na hapo ndipo nilipoanza kulia juu ya nguo za wateja. Kuna bibi arusi mmoja hapa Dilala aliyeolewa akiwa na machozi yangu kwenye pindo, na mpaka leo hajui.

Na dalili zilikuwa nyingi, msiniulize. Zamani aliruka ukuta wa nyuma bila kufikiri. Sasa aliutazama, akakaa chini. Panya alipita mbele yake na yeye akageuza shingo tu. Alikoroma. Tumbo lilivimba, nikasema ni maji, ugonjwa umefika kwenye maji. Nikimbeba nilihema, mikono yangu ikaniambia huyu ni mzito, nami nikaikaripia mikono yangu. Balansi ni chuma, nilijiambia, chuma hakina sababu ya kusema uongo. Hivyo ndivyo mi mwenye akili zangu zote nilivyobeba paka mnono kama mtungi huku nikimlilia kwa kukonda.

Bwana yangu hakulia. Alimpelekea jirani ule mtalimbo wake aujaribu, na kama akiupenda, aununue. Jumatatu angeanza kazi ya geti. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, akaenda kukaa nyuma ya nyumba na Paka mapajani, mikono yake mikubwa haina la kufanya. Nikasema tusingoje Jumatatu, twende kwa dokta wote watatu, atuambie ukweli wa figo.

Dokta alifungua mfuko, akatazama ndani, akanitazama mi.

"Mama, na ule mwingine aliishia wapi?"

"Mwingine nani?"

"Ule wa kukonda."

Nikamwambia kwa hasira paka ni yuleyule, na mzaha si kazi ya dokta mbele ya mgonjwa. Akamnyanyua kwa mikono miwili, akaguna, akamweka kwenye mizani yake. Kilo tano na nusu na zaidi. Dokta akaanza kucheka taratibu, kwa adabu, kisha adabu ikamwishia. "Huyu haiko na ugonjwa. Iko na unene. Mama, unamukulisha nini, mbuzi?"

Mi nilikuwa nataka kumrukia shingoni kwa furaha na kumpiga kwa aibu, sikujua nianze na lipi. Bwana yangu alimwomba dokta ampime tena. Kilo zilezile. Akatazama pembeni, akaona mfuko wa chakula cha kuku ambao haujafunguliwa, kilo zake zimeandikwa juu. Akaubeba, akauweka juu ya mizani. Mizani ikasema kile mfuko ulichosema. Akauteremsha, akaketi kwenye benchi.

"Kama paka anapanda," alisema polepole, "na balansi ya depo inasema anashuka." Akanyoosha mgongo. "Mi siko muzee."

"Nani alisema uko muzee?"

"Balansi." Na hapo akaanza kucheka. Alicheka mabega yakatetemeka, akapiga magoti yake, akasema tena hayuko mzee, mpaka mbwa mmoja wa mlinzi aliyekuja kuchomwa sindano akaanza kubweka. Dokta alitupatia maji ya kunywa. Tulitoka pale Manika tukicheka mpaka dereva wa moto akatuuliza kama tumekunywa.

Jumatatu hakwenda getini, alirudi shimoni kwa mtalimbo wa kuazima, na Jumamosi tulifika depo mapema. Bwana yangu hakumshitaki mtu. Aliwaambia wenzake mstarini, kwa upole, kwamba paka wake kafika kilo tano na nusu, na anaomba mashahidi. Pembeni ya barabara kuna mama anayeuza samaki wa ziwa la Nzilo, naye ana mizani yake ya sahani, na wachimbaji wote wanamwamini kwa sababu wananunua kwake. Mstari mzima ukahama. Yule mama alipoambiwa paka apande pale wanapopanda samaki wake alitaka kutufukuza, kisha akaona watu walivyo wengi, akapangusa sahani kwa pindo la kitenge.

"Apime haraka. Na macho yake yabakie mbele."

Paka hajawahi kuona paradiso, ila siku ile aliiona. Alikaa kwenye sahani akizungukwa na samaki pande zote, akapepesa macho. Kundi likasoma kwa sauti moja, tano na nusu na kidogo juu. Kabla sauti haijatulia Paka alikuwa amekamata samaki kichwani, na mi na mama wa samaki tukawa tunamvuta, mmoja mkia mmoja samaki. Nilimnunua yule samaki, niwe mkweli, huku nacheka na kutukanwa.

Tukarudi depo kwa maandamano, Paka mabegani mwa bwana yangu, mdomo unanuka. Akawekwa kwenye balansi. Chini ya kilo tatu. Kimya kilichofuata kilikuwa kizuri sana, sijawahi kushona nguo nzuri kama kimya kile.

Mnunuzi alivua miwani. "Hiyo ni humidite," akasema. Mawe yakiwa na maji depo hukata kilo, ndivyo wanavyosema siku zote, na siku zote wachimbaji hukubali kwa sababu hakuna awezaye kulikamua jiwe.

"Tata," bwana yangu akamjibu kwa heshima zote, "paka haina humidite."

Nimeona watu wakicheka katika maisha yangu, lakini si hivyo. Mtu alilala juu ya mfuko wake. Mwingine alimshika Paka masikio, akamkamua kama kitambaa, akawaonyesha wote mikono mikavu. Yule kijana wa kimashine alicheka pia, akakumbuka anakula wapi, akajifanya anakohoa. Hakuna aliyepiga mtu wala kutupa jiwe. Walibeba tu mifuko, mmoja mmoja, wakaanza kuvuka barabara kwenda depo ya upande wa pili. Mnunuzi aliona mstari unavyokwisha, akainama mwenyewe na viatu vyake safi, akachomoa chini ya sahani ya balansi vipande vya mpira vilivyoongezwa kimoja juu ya kingine, cha mwisho bado kipya. Akakitazama kwa mshangao, kama mtu aliyekutana na mgeni nyumbani kwake.

Wakarudi wachache. "Paka kwanza," wakasema. Paka akapanda, balansi ikasema tano na nusu, mstari ukapiga makofi. Toka siku ile ni desturi, Jumamosi hawapandishi mfuko hata mmoja kabla ya Paka, na dokta anafurahi kwa sababu sasa Paka yuko kwenye adhabu, nusu sahani asubuhi na nusu jioni, na kilo zake zinashuka kweli mbele ya watu wote.

Kisha ikafika zamu ya bwana yangu. Aliunyanyua mfuko wake mara moja, akafumba macho, akataja kilo. Akauweka. Balansi ikasema hivyohivyo. Alipitisha mkono usoni, akaacha mistari kwenye vumbi.

Nilitangulia nyumbani na Paka. Yeye alipitia kwa jirani, akaja na mtalimbo wake begani, akausimamisha mahali pake nyuma ya mlango. Halafu akanishika kiunoni, mi na unene wangu na sindano zangu kifuani, akaninyanyua juu katikati ya sebule. Nikapiga kelele anishushe, mgongo wake utavunjika.

"Mugongo yangu," alisema toka chini kule, "haikunidanganya hata siku moja."

Sikumwambia tena anishushe.