Kiapo cha Haji na Wali wa Kafara

Ilianza Jumamosi, saa kumi alasiri, kina mama walipotoka kuswali. Nilikuwa darasa la pili, naishi na bibi kule Salale, na kesho yake kijiji kilikuwa kinachagua mwenyekiti. Nimeikumbuka siku hiyo leo, hapa bwenini Kibiti, maana wenzangu wamebishana mpaka chai ikapoa: je, ni dhambi kumnyima kura mtu wa dini? Mbele za watu ulimi wangu huwa mzito, lakini wewe nakwambia.

Salale ni mikoko huku na huku, na tope linalonuka chumvi. Maji ya kunywa tuliyafuata kwa mtumbwi. Nikitoka madrasa, kazi yangu ilikuwa kuanika kamba wabichi kwenye jamvi na kuwafukuza kuku, bibi akiimba kasida kwa sauti ya chini.

Jumamosi ile mpiga debe wa Haji alikuja uani kwetu na Msahafu, ameufunga kitambaa cha kijani. Haji ndiye aliyeuezeka msikiti wetu mabati, na sasa alikuwa anagombea. Mpinzani wake alikuwa mama mmoja muuza kamba, aliyekuwa haishi kwenda wilayani kuwasumbua watu kuhusu kisima.

"Mama zangu, hatumlazimishi mtu," alisema mpiga debe. "Wekeni mkono tu, mseme wallahi kura ni ya Haji. Mtu kawaezekea mkaswali kivulini, mtamnyimaje?"

"Mwenzio sina udhu," jirani yetu alijitetea.

"Dada, si umetoka kuswali sasa hivi?"

Wanawake wakacheka. Jirani akaweka mkono, akaapa. Wakaapa wote. Bibi naye aliapa, nilimwona kwa macho yangu.

Kabla ya Magharibi jirani akarudi kwa bibi, macho mekundu.

"Mama, nimejifunga. Moyo wangu uko kwa muuza kamba. Wanangu wanaharisha kila masika kwa maji yale. Haji mtu mwema, lakini kisima hajakitaja hata siku moja. Sasa nikienda kinyume, si nitakuwa namchezea Mungu?"

"Uliapa kwa kupenda?"

"Niliapa kwa kuona haya."

Bibi aliendelea kukuna nazi. "Ukiapa jambo, kisha ukaona lililo bora zaidi, unafanya lililo bora, na kiapo unakitolea kafara. Lisha maskini kumi. Tumefundishwa toka wadogo. Au yule mpiga debe anadhani sisi hatukusoma?"

"Na Haji je?"

"Haji mshukuru, mwombee dua. Kura utakwenda kuulizwa wewe peke yako, na siku hiyo Haji atakuwa na yake ya kujibu."

"Na wewe mama, utampa nani?"

"Nenda bwana, Magharibi hiyo inaingia."

Jirani akaondoka, anacheka huku anafuta macho.

Bibi ameshafariki, na ua ule mto umeumega. Kampeni siku hizi zinaingia kwenye simu, zina muziki, na ukijifunga huna wa kumkimbilia. Wenzangu bwenini wanaongea kana kwamba lazima mtu achague dini au akili. Kwa bibi sikuwahi kuziona zikigombana.

Asubuhi ile ya kura niliamshwa na moshi. Jirani alikuwa ameinjika sufuria kubwa la wali wa nazi. Nyumba ya pili vilevile, na ya tatu. Taabu ikawa kuwapata maskini. Watoto wa madrasa tuliitwa huku na kule, tukala mpaka tukashindwa.

Mpiga debe alipita akielekea kituo cha kura, akasimama. "Kuna harusi ya nani leo?"

"Karibu ule, baba," jirani akamwambia. "Tumepungukiwa na mmoja."

Nilirudi nyumbani tumbo limejaa, nataka kulala tu. Bibi alikuwa amekaa mlangoni, ameshavaa buibui lake la kutokea, na ungo wa mchele mapajani.

"Njoo unisaidie kuchagua mawe," alisema. "Nipike kwanza, ndiyo niende kupiga kura."

Nikakaa, nikaanza kuchagua.