Nilipolingoja Basi Ng'ambo ya Likoni

Mwanangu, keti kidogo kabla hujafunga begi lako. Najua umeshaambiwa mengi: uvae nini, ule wapi, umwogope nani. Mimi sina la kukuogofya. Nataka tu kukueleza namna ya kutoka pembezoni mwa jiji usilolijua, ukafika katikati yake, ukarudi, na anayekungoja akakuona kwa wakati. Hayo niliyajua kwa kukosea. Kosa lenyewe ni la kuchekesha, ingawa siku ile sikucheka.

Nakumbuka ilikuwa miaka ya themanini, Kilifi bado hapana daraja. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, kibarua wa chumvi hapa hapa Gongoni. Mama yangu alikuwa anapoteza macho polepole. Kwanza alishindwa kutia uzi kwenye sindano, kisha akawa haoni mbuzi akiingia shambani, na mwisho akawa anatutambua kwa sauti na kwa mwendo wa miguu yetu. Daktari wa Malindi akatuandikia barua twende hospitali kubwa Mombasa, apasuliwe mtoto wa jicho. Nikaomba ruhusa kazini, nikampeleka.

Alipasuliwa jicho moja, likafungwa bandeji. Lile jingine lilikuwa halioni tena, kwa hiyo alilala pale gizani mchana na usiku. Mama hakuwa amewahi kulala mahali pasipo na mtu wake. Nyumbani sisi husema Kigiriama. Kiswahili alikisikia, lakini kukisema kulimpa taabu, hasa mbele ya watu wenye makoti meupe. Jioni ya siku ya pili muuguzi akatuambia kuwa kesho yake, saa nne asubuhi, daktari angefungua bandeji.

Muuguzi alipoondoka, mama akaupapasa mkono wangu mpaka akaushika.

"Wakifungua nataka nikuone wewe kwanza," akaniambia. "Sitaki kuanza na mtu nisiyemjua."

"Kabla ya saa nne nitakuwa nimesimama hapa, mama," nikamjibu.

Nilikuwa nimefikia kwa mjomba wangu, Kisauni, upande wa bara, ng'ambo ya daraja la Nyali. Mjomba alikuwa kuli wa bandarini. Siku mbili za kwanza alinipeleka hospitali mwenyewe na kunirudisha. Siku ya tatu zamu yake ilikuwa ya alfajiri, kwa hiyo ilinibidi niende peke yangu. Akanieleza vizuri: nipande basi la mjini, livuke daraja, nitazame duka la baiskeli lenye mlango wa buluu, nikiliona nigonge kengele, niteremke, hospitali iko nyuma yake.

"Na ukikwama, uliza," akasema.

"Mjomba, njia hiyo nimeipita mara mbili!"

Akanitazama, akaenda zake kulala.

Hapa nataka uelewe nilivyokuwa, kwa sababu huenda na wewe uko hivyo kidogo. Sikutaka kabisa mtu yeyote Mombasa ajue kwamba nimetoka Gongoni. Nilikuwa nimesikia vijana wa mjini wakiwacheka watu wa mashamba. Asubuhi ile nikaazima shati la binamu yangu, la kola ndefu, nikachana nywele, nikachukua furushi la mama: leso mbili safi, chupa ya uji, na kadi yake ya hospitali. Nikapanda basi kama mtu aliyezaliwa ndani yake. Sikumsalimia kondakta, wala sikumwambia ninakokwenda. Nilinyoosha mkono tu, nikapokea tikiti.

Siku zile mbili za mwanzo nilikuwa nimekaa dirisha la kushoto, na lile duka la baiskeli lilipita karibu na bega langu. Siku ile kushoto kulikuwa kumejaa, nikakaa kulia. Nikachungulia dirisha langu kwa bidii nikitafuta mlango wa buluu, nao mlango wa buluu ukapita nyuma ya kisogo changu! Tulipofika mahali penye mzunguko mkubwa wa magari nisioujua, nikajua nimepitiliza. Jirani yangu alikuwa mzee wa kofia, ana uso mwema, yuko hapo hapo ubavuni. Neno moja tu lingenitosha. Sikulisema. Nikajiambia kwamba basi linalokwenda lazima litarudi, na likirudi litapita tena hospitali. Nikatulia.

Basi likaenda mpaka tukaona maji. Kondakta akapiga ubavu wa basi, akaita, "Feri! Feri! Shukeni wote!"

Sasa, wewe umezaliwa daraja la Kilifi lipo, kwa hiyo acha nikueleze. Zamani ukitoka huku kwenda Mombasa, basi likifika Kilifi lilivushwa kwa feri. Abiria wote walishuka na kuingia ferini kwa miguu, basi likaingia tupu na dereva wake. Mizigo iliachwa ndani. Na mtu mwenye akili aliacha kitu juu ya kiti chake, furushi au kofia, ili akifika ng'ambo na kupanda tena asikute kiti kimechukuliwa. Kila mtu wa kwetu alilijua hilo. Na maneno ya kondakta wa Kilifi yalikuwa hayo hayo: shukeni wote.

Basi mimi nikaliweka furushi vizuri katikati ya kiti changu, nikashuka, nikafuata watu, nikaingia ferini. Sikugeuka nyuma hata mara moja, maana wenye mji hawageuki geuki. Tukavuka. Watu wakapanda mwinuko wakatawanyika, nami nikasimama pembeni nikilingoja basi langu litoke.

Yakatoka malori, magari madogo, na mkokoteni wa nazi. Feri ikajaza, ikaondoka. Ikaja ya pili. Ikatoa gari la soda na pikipiki. Nikaanza kutoka jasho ndani ya shati la watu.

Karibu yangu alikuwepo mama mmoja anayekaanga mihogo, mtu mzima, mnene, amejifunga leso kiunoni. Alikuwa akinitazama muda wote huo.

"Weye kijana," akaniita, "wamngoja nani?"

"Basi."

"Basi lipi?"

"Lililonileta. Liko nyuma, litakuja na feri."

Akauacha mwiko wake ndani ya karai. "Litakuja na feri! Lije kufanya nini? Basi lile mwisho wake ni kule kule. Lishageuza zamani, sasa liko mjini labeba watu wengine." Akanikagua toka kola mpaka viatu. "Watoka wapi, baba?"

"Hapa hapa mjini," nikasema.

Mama yule alicheka mpaka akajishika kiuno. "Hapa hapa mjini, na hujui feri ya Likoni! Mwanangu, mimi niliolewa Takaungu, karibu na Kilifi, nikakaa huko miaka saba. Hayo ya kuacha basi livushwe nawe ukalingoje ng'ambo ni ya Kilifi. Hata mimi nililifanya hili hili nilipokuja huku mara ya kwanza. Tena umesimama ubavuni pangu saa nzima, hata salamu hukunipa."

Nikahisi shati lote limenivuka mwilini. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haya, sasa sema kweli yako."

Nikamwambia yote: Gongoni, basi la kutoka Kisauni kwa mjomba, macho ya mama, bandeji, ahadi ya saa nne, furushi na kadi. Mpita njia mmoja akaniambia saa: saa nne imefika. Kwa mawazo yangu, wakati ule ule mama alikuwa anafunguliwa macho mbele ya wageni, anazungusha uso kunitafuta, na mimi nimo ng'ambo ya maji, nimezungukwa na moshi wa mihogo.

Mama yule hakunionea huruma ya maneno. Alinipa maelekezo, tena taratibu, na mimi leo ndiyo hayo hayo ninayokupa wewe.

"Rudi na feri hii inayojaza. Ukifika ng'ambo usimuulize mtu anayetembea, naye huenda ni mgeni kama weye. Muulize mwenye kazi yake pale. Kuna msimamizi wa mabasi, amevaa koti la kaki, ana kitabu. Msalimie kwanza. Kisha mwambie wataka basi la Kisauni, kwa sababu hilo hurudi njia ile ile. Ukipanda, keti nyuma ya dereva, mtajie kondakta hospitali yako, na umtajie jirani yako pia. Mmoja akisahau, mwenzake atakumbuka. Haya, kimbia!"

Nikakimbia. Mlango wa feri ulikuwa unainuliwa nilipoukanyaga.

Upande wa pili nikamwona mtu wa koti la kaki. Nilimpa shikamoo nikiwa ningali mbali, mpaka watu wakageuka. Kabla sijasema jambo lolote, akainama chini ya meza yake akatoa furushi langu, chupa ya uji ingali wima ndani yake.

"Wewe ndiye wa Kilifi?" akaniuliza.

"Umejuaje?" nikamuuliza.

"Kondakta ameliacha hapa. Akaniambia, mwenyewe atarudi mbio, ni mtu wa Kilifi, amekishika kiti kwa furushi." Akanikabidhi. "Wewe ni wa pili wiki hii. Yule wa kwanza aliacha kuku."

Mwanangu, siwezi kukueleza nilivyofarijika. Kadi ilikuwemo, leso zilikuwemo. Na pamoja na faraja nikaona upuuzi wangu wote. Nilikuwa nimeificha Gongoni asubuhi nzima, kumbe kondakta aliisoma juu ya kiti changu. Tena hakunicheka wala hakuniibia. Alinitunzia mzigo.

Msimamizi akanionyesha kwa kidole basi la Kisauni. Nikaketi nyuma ya dereva. Nikamsalimia kondakta, nikamtajia hospitali. Nikamsalimia na mama aliyekaa karibu nami, nikamtajia hospitali. Wakawa wananiangalia wote wawili kama yai. Tulipokaribia, wakaniambia kwa pamoja, "Hapa, hapa!" Na kweli, mlango wa buluu ule, siku zote umekaa pale pale.

Saa ya ukutani hospitalini ilionyesha saa tano kasoro robo. Nilipoingia wodini, muuguzi mwingine, wa zamu ya asubuhi, akanipokea amejishika kiuno.

"Wewe ndiye Kazungu? Mama yako ametushinda. Daktari kaja saa nne, mama kaifunika bandeji kwa mikono miwili. Anasema neno moja tu: bado. Daktari kaenda kuwaona wengine wote, sasa amerudi, na mama bado ni bado."

Mama alikuwa ameketi wima kitandani, viganja vyote viwili juu ya jicho. Alisikia miguu yangu kabla sijasema. Mikono ikashuka polepole mapajani.

"Sasa fungueni," akasema, kwa Kiswahili kilichonyooka.

Daktari, naye alikuwa mtu mpole, akakata, akafungua duara baada ya duara. Akatoa pamba. Jicho likapepesa, likatoa machozi, likapepesa tena. Mama akanitazama kwa muda mrefu, kuanzia juu kwenda chini, mpaka nikaogopa kwamba haoni kitu.

"Hilo shati si lako," akasema. "Limekupita mabega."

Muuguzi alicheka, daktari akacheka, mimi nikashindwa kuamua kama nicheke au nilie, nikafanya yote mawili. Nilipiga magoti nikaweka kichwa pale mapajani pake. Baadaye, wakati anakunywa uji, nilimweleza habari ya feri toka mwanzo. Alicheka mpaka muuguzi akaja kumkanya asilitikise jicho.

Basi hayo ndiyo ninayotaka uende nayo. Jiji halidai ulijue siku ya kwanza. Mabasi yanajua yanakokwenda, na wanaofanya kazi ndani yake hujibu maswali yako kutwa nzima bila kukuona mjinga. Usifikiri mambo ya kwetu ndiyo mambo ya kila mahali. Kila feri ina desturi yake, na kila kituo pia. Ukikalia upande mwingine wa basi, njia ile ile itakuwa ngeni machoni pako, kwa hiyo jifunze jina la kituo chako na jina la kituo kinachotangulia, usitegemee rangi ya mlango peke yake. Mzigo wako shuka nao. Ukipita ulipotaka, sema saa ile ile, maana kila kituo unachonyamaza kinakuongezea safari ya kurudi. Na ondoka mapema, uwe na nafasi ya kukosea mara moja na bado ukafika. Ukikosea, usijilaumu sana. Mimi nilikosea kuliko wewe utakavyokosea, na mama yangu alishona nguo zake mwenyewe kwa miaka kumi na mitatu baada ya siku ile.

Usifiche kwenu. Anayejua ulikotoka atajua pia namna ya kukuelekeza.

Mungu akutangulie katika kila njia usiyoijua. Akujaalie mkaanga mihogo mwenye maneno makali na moyo mwema mahali pa kupotea kwako, na anayekungoja akungoje mpaka ufike.

Haya, kafunge begi. Kesho ukifika kituoni, kabla hujakanyaga ngazi ya basi, msalimie kondakta, mtajie mahali unapokwenda, kisha ngoja akujibu ndipo upande.