Siku Niliyompeleleza Mkwe Wangu Hadi Jela

Nichekeni tu, nimezoea. Kuna akina mama kanisani ambao mpaka leo wakikutana nami wananiuliza, "Na TV yenu, iko salama?" halafu wanaangalia pembeni wakijifanya wanakohoa, na siwezi kuwalaumu, kwa sababu aibu hii hakuna mtu aliyenifanyia, niliipika mwenyewe, nikaipakua mwenyewe, nikaiweka mezani mbele ya wageni.

Ilianza pale binti yangu Kemunto, anayesomea unesi hapa Minnesota, alipotuletea kijana anaitwa Denis. Wa kwetu Kisii kabisa, anafanya kazi ya kompyuta kule Golden Valley, anasalimia kwa mikono miwili, na akimaliza kula anapeleka sahani jikoni bila kutumwa. Sasa niambieni, kijana wa siku hizi anayepeleka sahani jikoni bila kutumwa, anaficha nini? Mume wangu alisema haoni kinachofichwa, ni malezi tu. (Mume wangu ni mtu anayeamini hata kile kinachoandikwa kwenye pakiti ya sabuni.) Lakini kwetu zamani mtu hakuoa hivihivi. Kulikuwa na esigani, yule mshenga anayetumwa kuchunguza boma la wenyewe, kama kuna wachawi, kama kuna wezi, kama kuna wazimu unaorithiwa, na alichosema ndicho kilichofuatwa. Hapa mjini New Hope esigani utamtoa wapi? Kila mtu ana shifti mbili, na ukimuuliza mtu habari za mwenzake anakwambia, "Aah, huyo sisi tunaonana kanisani tu."

Basi siku moja kazini (nahudumia wazee kwenye nyumba moja kule Crystal) mwenzangu mmoja Mliberia akanionyesha kitu kwenye simu. Kumbe nchi hii mtu akishikwa si siri! Unaingia kwenye ukurasa wa sherifu wa kaunti, unaandika jina la ukoo, na kama mtu yuko ndani unamwona na picha yake, siku aliyoingizwa na kosa analodaiwa. Nikasema wacha nionje mara moja tu, nimtafute Denis, nilale vizuri. Hapo ndipo nilipojichimbia shimo.

Kwa sababu nilimtafuta Denis na sikumpata. Nikamtafuta kwenye kaunti ya upande wa St. Paul, hayupo. Mtu mwingine angemshukuru Mungu akarudi kunywa chai, lakini mimi nikajiambia huyu ni mjanja, anajua kufuta nyayo. Tena mkono ukawa mwepesi. Nikamtafuta mwenyekiti wa kwaya, nikamtafuta jirani wa chini anayechoma nyama kwenye baraza wakati wa theluji, nikamtafuta mchungaji (Bwana anisamehe, na ilikuwa siku ya mfungo). Sikumpata hata mmoja, ila nilianza kuwatazama kwa jicho la mtu anayengoja tu zamu yao ifike.

Hapo niwaambie habari za mwanangu Evans, kifungua mimba wangu, kwa sababu yeye ndiye alikuwa faraja yangu. Alikuwa ameenda Texas kuendesha lori. Zamani ukimtumia ujumbe anakaa siku tatu halafu anakujibu "sawa". Sasa tangu aende huko anajibu hapohapo, "Amina Mum, Mungu akubariki na akuzidishie," na nukta mahali pake. Kupiga simu hakupiga, alisema barabarani mtandao ni mbaya. Nilisimama kanisani na kushuhudia jinsi maombi ya mama yanavyoweza kumgeuza kijana, watu wakapiga makofi.

Jumanne moja nikaenda mjini kwa daktari wa macho, na natoka hapo namwona nani? Denis, anashuka kwenye ile Camry yake nyeupe, anavuka barabara, anaingia kwenye jengo ambalo nililitambua mara moja kwa sababu nilikuwa nimeshaona picha yake kwenye ule ukurasa. Jela ya kaunti. Jumanne iliyofuata nikabadilisha shifti, nikavaa miwani ya jua na jaketi la mume wangu lenye kofia, nikaegesha ng'ambo. (Kwetu mama mkwe na mkwe wanaheshimiana kiasi kwamba hata kuangaliana usoni ni shida, na mimi huyu nimejikunja nyuma ya usukani namvizia mtoto wa watu.) Akaja tena. Akaingia tena.

Kesho yake jioni nikamuuliza Kemunto, kama sina nia yoyote, "Denis huwa wapi Jumanne?"

Alikuwa anasukuma chapati. Mkono ukasimama kidogo. "Ana overtime, Mum," akasema.

Nikaguna tu. Hata mume wangu sikumwambia. Jumamosi ile watu wa Denis walikuwa wanakuja nyumbani kujitambulisha rasmi, nami nilitaka mashahidi.

Walikuja, Mzee Nyamweya, mjomba wake Denis anayekaa St. Paul, na mke wake na ndugu wengine. Upande wetu alikuwepo shemeji yangu Tom, na akina mama wa kanisani jikoni wakiongozwa na Mama Brenda, ambaye ukimwambia neno saa tatu, saa nne limefika Brooklyn Park. Tulikula kuku, tukala chinsaga, ile mboga chungu ya kwetu, niliyokuwa nimeihifadhi kwenye friza tangu kiangazi, tukaomba. Mzee Nyamweya akasimama, akasema wameona ua katika boma hili na wangependa kulichuma kwa utaratibu, na kama sisi wenye boma tuna swali, tuulize sasa.

Kwa desturi angejibu mume wangu. Nikasimama mimi.

"Nina swali moja tu. Denis, Jumanne huwa unaenda wapi?"

Denis akamwangalia Kemunto. "Mama, naomba hilo tuongee kando."

"Kando ya nani? Hapa si ni familia?"

"Mum, please," Kemunto akasema. "Not here."

"Anaenda jela!" nikasema. "Nimemwona na haya macho yangu! Kila wiki anaripoti huko, ana kesi, na bado anataka kuniolea msichana!"

Mzee Nyamweya akaweka kikombe chini. "Mama Kemunto, kijana wetu hana kesi yoyote."

"Tutajuaje? Kuna ukurasa wa sherifu, kila kitu kiko wazi."

"Basi uweke pale," akasema, akionyesha TV, "tuone sote."

Sasa hiyo TV. Niliinunua wakati wa bei za kutupa za mwezi wa kumi na moja, inajaza ukuta, mume wangu alinisihi tuchukue ndogo nikamwambia hatukuja Amerika kukodolea macho vitu vidogo. Shemeji Tom, ambaye anapenda mambo ya waya kuliko kula, akaunganisha simu yangu nayo. Akaandika jina la Denis. Hakuna. Akaenda kaunti ya St. Paul. Hakuna.

"Haya," akasema Mzee Nyamweya, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Haki ni haki. Hata sisi esigani wetu hajapita hapa. Tafuteni jina la boma hili."

"Tafuta, Tom!" nikasema. "Sisi tuko safi!"

(Nilisema hivyo. Kwa sauti. Mikono kiunoni.)

Denis akainuka haraka mpaka soda ikamwagika. "Mzee, tafadhali tuachie hapo. Mama amesema kweli. Nina kesi. Mimi ndiye mbaya."

"Mmesikia?" nikapiga kelele. "Amekiri!"

Lakini Tom alikuwa ameshabonyeza. Na pale ukutani, mkubwa kuliko alivyokuwa siku yoyote ya maisha yake, akatokea mwanangu Evans, macho mekundu, amevaa ile sweta ya bluu niliyomnunulia Krismasi. Pembeni imeandikwa: kuendesha gari akiwa amelewa, na kukosa kufika mahakamani.

Mama Brenda, amesimama mlangoni na sinia la chapati, ndiye aliyesema, "Si huyu ni Evans wa Texas?"

Nikakimbia nikasimama mbele ya TV, nimetanua mikono nimzibe mtoto wangu, lakini mimi ni mfupi na TV ni ile niliyowaambia, kwa hiyo nilisimama pale uso wa Evans ukiwa juu ya kichwa changu, sote wawili tukiwatazama wageni. Nikamwambia Tom azime, Tom anatafuta rimoti, rimoti iko chini ya mto aliokalia mke wa Mzee Nyamweya, naye anaona haya kuinuka.

"Tangu lini?" mume wangu akauliza, taratibu.

Kemunto alikuwa analia. Akasema Evans hakuwahi kufika Texas. Akasema simu ya kaka yake anayo yeye, na zile "Amina Mum" zote alikuwa anaandika yeye. Siku ya kumtembelea Evans ni Jumanne jioni, saa ambayo yeye ana darasa, na kaka yake alibaki bila mtu wa kumwona, ndipo Denis akajitolea.

"Kwa nini hamkuniambia mimi?" nikauliza. "Mimi mama yake?"

Akajipangusa uso. "Alituapisha, Mum. Alisema, 'Mum akijua leo, Jumapili nitakuwa kwenye maombi, na nitatajwa kwa jina.'"

Ningependa kuwaambia nilibisha. Nilimtazama Mama Brenda na chapati zake, nikakumbuka wote niliowahi "kuwaweka kwenye maombi", nikakaa chini. Iliniuma, na bado inaniuma.

Mzee Nyamweya akachukua koti lake. "Mama," akasema, bila ukali, "huyu kijana amekubali kuitwa mhalifu mbele ya ukoo wake ili mwanao asionekane. Sisi tunaenda. Mkitaka tuendelee, mtatuita."

Tuliwaita. Kwanza tulienda sisi St. Paul kuomba radhi, mimi na mume wangu, na Denis akatufungulia mlango na kutusalimia kwa mikono miwili kama kawaida, mpaka nikatamani angenitukana kidogo.

Jumanne iliyofuata niliomba anichukue kwenye Camry. Evans alipoketi upande wa pili wa kioo na kuniona, hakunisalimia. Aliangalia nyuma yangu kwanza.

"Mum, umekuja na nani wa kanisani?"

"Nimekuja na Denis tu."

"Nani mwingine anajua?"

Niliwaza ile sebule. Nikawaza sinia la chapati likitoka mlangoni kwangu kuelekea Brooklyn Park. "Evans," nikamwambia, "TV yetu ni kubwa sana, mwanangu."

Alinikodolea macho, halafu akaanza kucheka, na mimi nikaanza kulia, na tukaendelea hivyo mpaka muda ukaisha.

Ule ukurasa siufungui tena, na mtu akinipa habari ya mwenzake siku hizi namuuliza kwanza kama mwenyewe amemtuma. Kanisani wakiuliza nani ana ombi, naombea macho yangu tu, maana yale niliyompelekea daktari yalikuwa yanaona mpaka ng'ambo ya barabara, lakini mwanangu mwenye sweta ya bluu hayakumwona.