Buibui na Mzigo Wake

Maharage makavu yakipurwa hutoa vumbi lenye harufu ya jua na majani yaliyooza kidogo, na mimi likinigusa pua tu, siwezi kukaa kitako. Natafuta cha kushika. Mume wangu hapa Kakonko ameshanizoea. Msimu wa kupura ukifika huniachia nyumba nifagie nitakavyo, yeye anahamia barazani na chai yake.

Ilianzia kwetu Gwarama, nikiwa darasa la kwanza. Mdogo wangu Isaya, mtoto wa mgongoni bado, alishikwa na homa iliyomgeuza macho. Mama akamfunga mgongoni, akapanda naye bodaboda hadi hospitali Kibondo, baba akawafuata kwa baiskeli. Mimi niliachwa na shangazi Tereza, dada yake baba, mwanamke asiyejua kubembeleza. Kila pikipiki iliponguruma barabarani nilikimbia hadi mwisho wa ua kuchungulia, nikarudi, nikakimbia tena. Isaya anarudi lini? Niliuliza mpaka shangazi akachoka.

"Wewe mwana, miguu yako inaniumiza kichwa," alisema. "Njoo uokote maharage."

Kwetu kuokota punje zilizoruka nje ya turubai ni kazi ya watoto, na hakuna punje inayosamehewa. Shangazi naye alikuwa na kawaida yake: kabla ya kushusha fimbo alilitikisa rundo kwa mkono, akangoja. Humo hujificha buibui wa kahawia, wale wasiotega utando, wanaowinda kwa mbio. Majike yao huburuta mayai nyuma, yamefungwa ndani ya kidonge cheupe. "Wenye mizigo watangulie," alikuwa akisema, ndipo apige.

Basi jike mmoja alipita mbele yangu. Mimi niliona punje nyeupe inakimbia, mkono ukafanya kazi uliyofundishwa: nikainyakua, nikaitupa kwenye beseni pamoja na nyingine. Buibui akasimama. Akazunguka, akarudi alikotoka, akapapasa vumbi kwa miguu ya mbele, akazunguka tena. Tulipekua beseni zima, mimi nalia, shangazi ananinyamazisha, na kidonge hatukukiona.

Shangazi akaenda kwenye godoro lililokuwa limeanikwa, akachomoa pamba kidogo kwenye mshono, akaivingirisha kwa mate na kuiweka chini. Buibui akaigusa. Akaigeuza, akaipachika nyuma, akaondoka nayo haraka kwenye nyasi. Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu mama aondoke.

"Amedanganyika, shangazi."

"Hajadanganyika," alisema, akaokota fimbo yake. "Ameshindwa tu kwenda bila mzigo."

Isaya alirudishwa amefunikwa. Tukamzika nyuma ya migomba. Watu wakakaa msibani, wakala, wakaondoka, na mama akabaki hajui pa kuweka mikono. Alikuwa akiketi, anainuka, anakwenda mlangoni kama aliyeitwa, anarudi. Usiku sikumsikia akilala. Nilimwogopa kidogo, nisiwafiche.

Asubuhi moja, akielekea kisimani, alichuchumaa mbele yangu.

"Panda," akasema.

Nilikuwa nimeng'oka meno ya mbele, mtu mzima kwa hesabu zangu, lakini nilipanda. Akanifunga kwa kitenge, miguu yangu ikaning'inia mpaka magotini kwake. Nilidhani ananidekeza kwa kuwa nimebaki peke yangu, nikaringa hasa. Tulikatiza katikati ya kijiji chetu, kijiji kinachomcheka hata aliyejikwaa, na hakuna aliyecheka. Wanawake walituamkia kwa sauti ya chini, wakaendelea na kazi zao.

Kwenye mteremko wa kisima mama alipeleka mkono nyuma, akanipigapiga taratibu kama wanavyolazwa wachanga.

"Tulia, mwanangu," alisema. "Acha kutikisika, tutaanguka."

Nami nilikuwa nimetulia tuli. Hata pumzi nilikuwa naibana, asije akanishusha. Ilinichukua miaka, hadi nilipofunga wa kwangu mgongoni, kujua kwamba aliyekuwa akitikisika ni yeye.