Safari za Mkaza Mwanangu

Kila mwezi mkaza mwanangu alifunga cherehani yake sokoni Chwele akaenda Kitale kununua nyuzi. Ndivyo alivyosema. Mwanangu aliendesha lori la mahindi na kurudi Ijumaa, kwa hiyo macho ya kumchunga mkewe yalikuwa yangu.

Siku moja nilimwomba uzi mweusi. Ule alionipa ulikuwa na kibandiko cha bei cha duka la Mhindi mmoja wa Bungoma.

"Huu ni wa Kitale?"

"Ndiyo, mama."

Nilikuwa mzee wa kanisa na mwalimu wa Biblia wa akina mama, na shaka niliyokuwa nayo niliiita kukesha. Kabla ya kuolewa aliishi Kitale, chumba cha kupanga, peke yake. Miaka hiyo ya elfu mbili niliamini kwamba ugonjwa uliokuwa ukitumaliza ni wa wanawake wa namna hiyo. Nikawaza ana mwanamume huko. Nikaamua nikimpata, nitawaita wazee wa ukoo wamrudishe kwao.

Mwezi uliofuata nilimfuata. Hakugeukia duka hata moja. Aliingia hospitalini, akapita nyuma mpaka kwenye jengo lenye benchi ndefu nje. Alipoitwa ndani, nami nikakaa pale nione atatoka na nani.

Mama mmoja mwenye pete ya ndoa alinisogezea nafasi. "Mara ya kwanza? Usiogope. Hapa wanaita namba, si jina."

"Wewe umetoka wapi?"

"Bungoma. Na wa Kitale si wanaenda kwetu?" Akacheka. "Tunapishana tu barabarani, kila mtu na dawa zake."

Niliitazama ile benchi. Karibu wote walikuwa wake za watu. Mmoja alikuwa wa darasa langu la Biblia, aliinamisha kichwa.

Mkaza mwanangu akatoka, mfuko wa dawa mkononi. Aliponiona alikuja akachuchumaa mbele yangu.

"Mama," akasema polepole, "na wewe? Umejua lini?"

Miezi yote hiyo nilikuwa nikimtafutia kosa. Yeye aliponikuta mahali pale, alinihurumia tu.

"Nimekufuata," nikasema.

Alisimama. "Basi sasa umeona. Nilijua nilipopimwa kliniki ya wajawazito. Lakini kabla ya harusi nilikuwa mzima, mama. Cheti changu cha kupimwa kiko kwa mchungaji."

"Na cha mume wako?"

"Si ni wewe uliliambia kanisa limsamehe kupimwa, ati yuko safarini? Nimemwambia apime. Amesema nikilitaja tena jambo hilo, nirudi kwetu."

Ni kweli. Mimi ndiye niliyesimama mbele ya kamati nikamtetea, kwa kuwa ni mwanangu.

Ijumaa, akiwa mezani, nilimuuliza kama amewahi kupimwa. Aliweka tonge chini. "Nani amekuambia?"

Hakuuliza mkewe ana nini. Nikamwambia mkewe haondoki katika boma hili, na Jumanne tunakwenda Kitale sote watatu. Asiyetaka atafute pengine pa kulala.

Tulikwenda. Namshukuru Mungu kwa hilo, na kwa dawa ambazo mkaza mwanangu anameza hadi leo. Ilipoitwa namba ya mumewe, alisema anatoka kidogo kununua maji. Nilisimama, nikamshika mkono, nikamfikisha kwenye mlango wa chumba cha kupimia, nikangoja hapo mpaka mlango ukafungwa.