Kamera Iliyofuta Mkorosho

Safari hii ilianza na simu ya mama mdogo. Bi Somoe, mdogo wake marehemu mama yangu, anaishi katika kijiji kimoja kusini mwa Palma, ng'ambo ya Ruvuma, na si mtu wa kupiga simu kwa mambo madogo. Alinieleza kwamba watu wa gesi wameanza kupima ardhi ya kwao, wanapita na kamba na rangi nyekundu, na wametangaza kila ukoo uonyeshe makaburi yake kwa kuwa huenda yakahamishwa. "Njoo na makina yako ya picha," alisema. "Kaburi la mama yako nalijua mimi peke yangu. Nikifa, limepotea." Mama alizikwa huko nikiwa na miaka minne. Mwaka uleule baba alinihamishia Mtwara, na tangu hapo sikuwahi kusimama mbele ya kaburi lile.

Mtwara, siku mbili kabla ya kuondoka, niliingia dukani kutafuta kamera. Mimi ni mpiga picha za harusi, na kamera yangu ya kazini ina uzito wa tofali na lenzi inayotangulia kufika popote ninapokwenda. Miaka ile gesi ilipogunduliwa, mtu akivuka mto na kamera ya namna hiyo alikuwa ama mwandishi wa habari ama mpelelezi, na wote wawili walilazwa ofisini mpakani. Nilihitaji kitu kidogo cha kuingia mfukoni, kinachopiga picha za kueleweka, na fedha yangu haikuwa ya kujivunia.

Muuzaji alikuwa bwana mmoja aliyevaa miwani ya jua ndani ya duka lisilo na dirisha. Alinipangia kamera tatu juu ya meza. "Hizi zimeondolewa kile kioo cha ndani, ndiyo maana nyembamba hivi," alisema, kwa majivuno ya mtu aliyekiondoa kwa mkono wake. Ya kwanza ilikuwa na kitundu cha kuchungulia juu yake, na bei yake ilinifanya niirudishe mezani taratibu. Ya pili haikuwa na kitundu, ila ilikuja na lenzi ya kuvuta, ile ambayo juani inaonyesha kila kitu sawasawa, kuanzia vidole vya miguu hadi minazi ya mwisho.

"Hiyo ndiyo ya msafiri," alisema muuzaji.

"Msafiri gani? Anayepiga picha za mabasi?"

Nikachukua ya tatu. Nayo haikuwa na kitundu, lakini lenzi yake ilikuwa bapa kama biskuti na tundu lake lilifunguka sana, kiasi kwamba ukimlenga mtu, nyuma yake panayeyuka pote. Kwa miaka kumi na miwili nimekula kwa kazi hiyo ya kuyeyusha kuta za watu, kamba za nguo na wajomba wanaokula nyuma ya bibi harusi. Yule bwana alinishauri ninunue na betri ya pili, maana hizi ndogo skrini yake haipumziki na zinamaliza chaji upesi. Nilimjibu kwamba nilianza kazi hii yeye akiuza kandambili. Alifunga mzigo tu.

Alfajiri ya Jumatano nilipanda gari la mizigo hadi mpakani, na saa tatu tulikuwa tumevuka mto. Upande wa Msumbiji, askari mmoja alipekua begi langu kwa namna ya mtu anayetafuta kitu cha kula.

"Jornalista?" aliuliza.

"Mpiga picha za harusi."

"Harusi ya nani?"

Nilimwonyesha kamera. Aliigeuza upande huu na upande ule, akacheka. "Hii ya kuchezea," alisema, akanigongea muhuri. Nilitoka pale nikijipongeza. Mjinga yeyote angebeba kamera kubwa, na sasa angekuwa amekaa kwenye benchi lile akieleza jina la babu yake.

Palma tuliingia adhuhuri, na mji nilioukuta ulikuwa unaugua homa ya gesi. Kila mwenye ua alikuwa amesimamisha vyumba vya mbao ambazo hazijapigwa randa na kuandika "Residencial", yaani nyumba ya wageni, mlangoni kwa rangi iliyobaki ya mlango wa zamani. Ndani unapata kitanda, na kiyoyozi kinachopiga kelele bila kutoa baridi. Kila mwanamume mwenye kalamu mfukoni alikuwa mshauri wa jambo fulani. Mmoja alinifuata hadi sokoni akitaka kuniuzia kiwanja kinachotazama bahari, na alipokinyooshea kidole niliona magoli mawili na wanafunzi wanacheza mpira.

Niliyefikia kwake alikuwa Abudo, mwalimu wa shule ya msingi, aliyemwoa Zaina binti wa Bi Somoe. Ni mtu mpole, na ana simu yenye kioo kilichopasuka ambayo hupigia picha kila kitu. Jioni ile alinionyesha ubao wa darasa lake, mbuzi wa jirani, ubao tena, na foleni ya mkate. Picha zote zilikuwa bapa, kila kitu kinaonekana kwa kiwango kilekile cha ubaya. Nilisema "mashallah" mara mbili, nikamwuliza kama hajachoka na kazi.

Alhamisi asubuhi Abudo alinipakia kwenye pikipiki yake, tukafika kijijini kabla jua halijapanda sana. Bi Somoe alitoka na msiro usoni, ule urembo mweupe wa mti uliosagwa, akasimama kunitazama.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Umechukua pua ya dada. Makina iko wapi?"

Nilipomtolea, aliitazama kwa mashaka. "Ndogo hivi?"

"Ndizo za siku hizi, mama. Usiogope udogo wake."

Saa sita kasoro tulikwenda makaburini. Hapa lazima nieleze desturi ya kijiji kile, maana ndiyo iliyonihukumu. Makaburi yao hayaandikwi majina, kuandika ni kujikweza. Kila kaburi lina jiwe la matumbawe kichwani, basi, na linajulikana kwa majirani zake, kwamba fulani yuko mkono wa kulia wa mkorosho na fulani anamfuata. Tena wanawake hawaingii ndani. Hukaa njiani, nje ya uzio wa miti, na kutoka pale huonyesha kwa kidole. Miaka yote hiyo Bi Somoe amemzuru dada yake akiwa amesimama mahali pamoja, na kaburi analijua kwa jinsi lionekanavyo kutoka pale.

"Unauona mkorosho ule ulioinama?" alisema. "Anza nao, uje huku kwangu. La kwanza babu yenu. La pili la mtoto wangu. Kisha pengo, kisha mama yako. Anayemfuata ndiye yule mwenye sahani ya buluu iliyopachikwa jiweni."

Abudo alikuwa amesimama kando yake na simu mkononi. "Ngoja nipige moja kutoka hapa," alisema, "yaonekane yote pamoja na mkorosho."

Nakumbuka vizuri nilichomjibu, maana nimekirudia moyoni mara nyingi. Nilisema, "Weka simu mfukoni, shemeji. Leo kuna mtaalamu." Akaiweka. Kwa mgeni wa mkewe, tena mkubwa kwake, asingeweza kubishana.

Niliingia peke yangu, nikapiga magoti mbele ya jiwe la mama. Lilikuwa jeupe kwa mvua za miaka, na ubavuni mwake kulikuwa na matundu saba yaliyojipanga. Nililia, na sioni haya kuliandika. Kisha nikaanza kazi. Jua la saa sita lilikuwa limeiua skrini kabisa, nilichokuwa nikikiona humo ni uso wangu mwenyewe na kofia yangu. Kitundu cha kuchungulia kingenisaidia, lakini kitundu kilibaki dukani. Nililenga kwa mazoea, tundu la lenzi limefunguka lote, kama ninavyowapiga maharusi. Kuliminya tundu lile ili nyuma paonekane ni kuzungusha kidude kimoja kwa kidole gumba, hata wanafunzi wangu wanajua. Sikukigusa. Nilipiga jiwe la mama upande huu na ule, nikapiga ya ndugu wengine, na betri ikazima nikiwa bado nimepiga magoti.

Kijijini hakukuwa na umeme, kwa hiyo tulirudi Palma kuchaji. Baada ya alasiri Abudo aliunganisha kamera na televisheni yake, na jiwe la mama likajaa kioo kizima. Zaina alishika mdomo. Kila tundu lilionekana, kila chembe ya chokaa, na nyuma yake kulikuwa na kijani laini kilichotulia. Nilikaa nikingoja sifa.

Abudo alisogeza kiti. "Shemeji, mkorosho uko wapi?"

"Nyuma hapo."

"Hapo wapi?"

Nilitazama. Kulikuwa na kijani. Picha iliyofuata nayo ilikuwa jiwe na kijani, na iliyofuata vilevile. Ile ya sahani ya buluu ilikuwa na sahani, na pembeni yake kijani. Mawe yote ya ukoo wangu yalikuwa yameelea katika uji mmoja, na hakuna picha hata moja iliyoonyesha jiwe gani liko jirani na jiwe gani. Abudo hakucheka. Angecheka, ningepata nafuu.

"Tutarudi kesho," alisema. "Nitakuja na simu."

Ijumaa tulifika saa nne. Kutoka mbali nilisikia mtambo, na sikutaka kuelewa. Watu wa upimaji walikuwa wamefungua mstari wao mpana kupita katikati, tangu njia hadi upande wa pili, wakang'oa uzio na miti na kusawazisha mchanga nyuma yao. Mkorosho ulikuwa umelala kando, mizizi juu. Hapakuwa na kisiki, hata shimo lake lilikuwa limefukiwa.

Msimamizi wao, mtu wa bara aliyevaa fulana ya kung'aa, alitufuata akiwa na karatasi. "Kwenye mapa hapa ni mato tu, kichaka," alisema. "Hakuna jina la mtu. Vijana walipoona mawe waliyatoa kwanza. Tumeyapanga vizuri pale, kwa heshima."

Na kweli yalipangwa vizuri. Jiwe la mama nililitambua mara moja, la tatu kutoka chini, matundu saba yamejipanga. Sikuhitaji hata kufungua kamera. Hakuna mtu duniani anayelijua jiwe lile kuliko mimi.

Bi Somoe alikuwa amesimama mahali pake palepale njiani. Aliinua kidole kama jana, akakipeleka kulia, akakirudisha kushoto, kisha akakishusha.

"Ulipiga picha," alisema.

"Nilipiga, mama mdogo."

"Nionyeshe."

Alijifunika pamoja nami na kamera kwa kanga yake ili jua lisiingie, na humo gizani tukatazama pamoja. Alitazama muda mrefu. "Jiwe hili ndilo lake," alisema. "Sasa niambie lilikuwa wapi."

Nilibonyeza picha iliyofuata. Jiwe na kijani.

"Mahali nilikuwa napajua mimi, makina ulikuwa unaijua wewe," alisema kwa sauti ya kawaida. "Nilikuita tuviweke pamoja. Ndiyo kazi niliyokuitia."

Mchana ule, baada ya sala ya Ijumaa, wanaume wa kijiji waliyarudisha mawe kwa kukisia. La mama tuliliweka karibu na mahali ambapo Bi Somoe alisema huenda, kisha akasema hapana, kisha akasema basi, liacheni. Tulisoma Yasini tukiuelekea mchanga wote, kwa kuwa hatukujua tuelekee wapi.

Jumamosi nilivuka kurudi. Askari yuleyule alinikumbuka. "Harusi ilikuwaje?" aliuliza, akataka kuona. Nilimwonyesha jiwe. Alitikisa kichwa kwa heshima. "Picha nzuri," alisema. "Kumbe makina ndogo inaweza."

Tangu nirudi Mtwara, watu huniuliza kamera gani ndogo ya kusafiria inunuliwe kwa fedha kidogo. Nawaambia wachukue ile ya pili, yenye lenzi ya kuvuta, wanunue na betri ya akiba, na wakipata cha kuongeza waongeze kitundu cha kuchungulia. Muuzaji wa miwani alikuwa sahihi kwa kila neno, na nilikwenda dukani kwake kumwambia hivyo. Alinitazama kama anayemtazama mtu mwenye homa, akaniuliza nataka kununua nini.

Bi Somoe bado hapigi simu kwa mambo madogo. Zaina alimweleza kwamba picha ikiwa kwenye kompyuta inaweza kukuzwa sana, na tangu siku hiyo hunipigia kila Idi. Tukishamaliza salamu huuliza, "Umeuona mkorosho?" Mimi ni mtaalamu, najua lenzi ile iliacha nini na ilifuta nini, na hakuna cha kuona. Namwambia bado natafuta, kisha nakata simu, naifungua picha na kutafuta.